Mtu wa Nyuma ya Machela

Machela ina ncha mbili, vijana wangu, na anayeshika ya nyuma haoni anakokanyaga. Nawaambia mapema kwa sababu nyinyi mnaosomea uuguzi siku hizi mnasukuma wagonjwa kwenye magurudumu, juu ya sakafu ya saruji, na pengine mtastaafu bila kumbeba mtu kwa mikono. Sisi tulibeba. Nimekuwa dresa maisha yangu yote ya kazi, nimefunga vidonda vya watu wa Nachingwea na Ruangwa mpaka wengine nawajua kwa miguu kabla sijawajua kwa sura. Lakini kabla ya udresa nilikuwa mbeba machela katika jeshi la mfalme, kule Bama tulikopelekwa kupigana na Wajapani.

Kazi ile ina ufundi wake. Kubwa kuliko yote, msikanyage pamoja. Askari amefundishwa mguu sawa, kushoto kulia, na ukimpa machela siku ya kwanza anataka kwenda vivyo hivyo. Mkikanyaga pamoja machela inarukaruka, na mtu mwenye mfupa uliovunjika atawatukana wote wawili pamoja na mama zenu. Wa mbele akitoa mguu wa kushoto, wa nyuma atoe wa kulia, magoti yalegee kidogo. Mgonjwa hutangulizwa miguu, kichwa kinabaki nyuma, ili yule wa nyuma amwone usoni na ajue kama amezimia au anataka kutapika.

Wa mbele ndiye macho ya wote. Akiona jiwe anasema jiwe, akiona shimo anasema shimo, na wa nyuma anajibu "haya", ijulikane amesikia. Ukiita mara mbili bila kusikia haya, unasimama, unaweka chini, unageuka kutazama. Hiyo nilifundishwa kama wenzangu wote, na nikawafundisha wengine. Siku ambayo ilihitajika kuliko siku zote, sikuifuata.

Mwenzangu wa nyuma aliitwa Haule, Mngoni kutoka upande wa Songea. Mimi ni Mmwera. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla ya kuzaliwa: babu zake waliwavamia babu zangu, wakachukua walichoweza kuchukua, na sisi wajukuu tukaachiwa maneno. Kwa vile nyinyi wa leo mnadhani utani ni kuchekeana tu, nieleze. Mtani wako anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayeiga mwendo wako mbele ya waliofiwa, aseme ulikuwa mlafi na mwoga, ili watu wapumue kidogo katikati ya kilio. Haule aliniambia mara nyingi kwamba siku yangu ataniiga ninavyokimbia Wajapani. Nilimjibu kwamba atatangulia yeye.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Luteni mmoja Mzungu alipigwa risasi ya shingo na taya, akaanguka kwenye mteremko ulio wazi, ng'ambo ya kijito chenye matope. Bunduki ya Wajapani ilikuwa juu kidogo, kwenye mianzi. Tukaambiwa twende. Sikuwa shujaa, nisiwadanganye. Nilikwenda kwa sababu Haule alikwisha kuokota ncha yake ya machela, na machela haibebwi na mtu mmoja.

Kwenda ilikuwa rahisi. Tulimfunga shingo kwa vitambaa vyote tulivyokuwa navyo mpaka hawezi kugeuza kichwa, tukamlaza, tukainua. Kurudi ndipo walipotuona. Mimi natazama chini na kuita njia: jiwe, haya; mzizi, haya; maji, haya. Tulipokuwa katikati ya kijito nikasikia machela imevutika nyuma, kama mtu amejikwaa. Nikasema, "Shimo." Kimya. Nikasema tena, "Shimo." Kimya. Ilinipasa kusimama, lakini risasi zilikuwa zinachota matope kando yangu, na badala ya kugeuka nikatukana. Nilimwambia kwamba Wangoni kuswaga ng'ombe wa watu wanaweza, lakini kubeba mtu mmoja kunawashinda. Baada ya hatua tano sita nikasikia, "Haya. Twende." Tukaenda.

Tulipoweka machela chini kwa daktari ndipo nilipogeuka. Kiatu cha Haule cha kushoto kilikuwa kinamwaga damu kila akikanyaga. Risasi ilipita kwenye shavu la mguu tukiwa bado kwenye maji, naye alitembea na jeraha lile njia yote iliyobaki, mwendo kama wa kutoka zahanati mpaka sokoni. Daktari alikuwa na Luteni. Nikamfunga mwenyewe. Haule akaniomba nisimwandikishe, maana aliyeandikwa alipelekwa hospitali ya mbali na hakurudi tena kwa wenzake. Nikakubali. Nilidhani namfanyia wema. Siku chache baadaye homa ikamshika, wakampeleka huko huko alikokuwa anakukwepa, na kwenye karatasi yake ikaandikwa malaria tu.

Sasa fikirini machela ile mliyoelezwa. Luteni kalala chali, miguu mbele, shingo imefungwa kama kifurushi. Kila akifumbua macho anaona nini? Mgongo wangu. Aliyesimama kichwani kwake, aliyekuwa akimtazama njia nzima, hakuweza kumwona hata mara moja. Alipopona akauliza ni nani aliyekuwa na mgongo ule, wakamwambia jina langu. Akaandika kwa wakubwa wake. Sikujua habari hizo mpaka vita vilipokwisha, nimerudi kwetu Mtua, na nimeajiriwa udresa kwenye mradi wa karanga pale Nachingwea.

Mradi ule wazee wenu wamewasimulia: matrekta yakivuta minyororo mikubwa kung'oa pori, udongo mwekundu mpaka ndani ya masikio, na karanga zenyewe zikitoka haba kuliko za bibi yangu aliyelima kwa jembe. Vijana wengi waliotoka vitani walikimbilia huko kuendesha matrekta. Mimi nilikuwa na meza, stovu, sufuria ya kuchemshia sindano, na bandeji ambazo tulizifua, tukazianika kwenye kamba na kuzitumia tena. Mtacheka. Sisi hatukuwa na kutupa. Ukitupa bandeji dresa mkubwa alikutazama kana kwamba umetupa mtoto.

Asubuhi moja katika foleni akasimama mtu mwembamba amekunja suruali ya mguu mmoja. Kabla sijainua macho nikaujua ule mguu. Haule alikuwa ameajiriwa kwenye kundi la kufyeka, na lile jeraha la Bama lilikuwa limefunguka, limekuwa donda pana kama kisahani. Akaniuliza kama bado naogopa kugeuka nyuma. Nikamuuliza kama bado anakula bure kwa watu. Tukacheka mpaka foleni ikakasirika.

Nilimsafisha kila asubuhi. Hapa niwape jambo la kazi, maana kidonda kile ndicho kilichonifundisha. Bandeji iliyoganda haivutwi. Loweka, subiri, zungumza na mgonjwa habari za shamba lake mpaka kitambaa kijiachie chenyewe. Nilikuwa na haraka siku za mwanzo, nikavuta, na nyama mpya ya wiki nzima ikaja na kitambaa. Haule hakulia. Alisema tu kwamba Wamwera wamepata mahali pa kulipizia kisasi cha babu zao.

Kisha zikaja habari mbili katika mwezi mmoja. Ya kwanza, mradi ulikuwa unapunguza watu, na bwana mganga wa pale alikuwa anawakagua wenye ulemavu. Mwenye jeraha la vita angeweza kupewa kazi nyepesi, ya bawabu au ya stoo, na karatasi ya kudai malipo ya jeshi. Mwenye donda la kawaida alikuwa anakwenda kwao. Karatasi ya Haule ilisema malaria, na bwana mganga hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Habari ya pili ni kwamba nishani yangu, ile aliyoniombea Luteni, imefika, na nitavishwa kwenye baraza, akiwepo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na wakubwa wa mradi wote.

Haule alifurahi. Alikuja jioni kwangu na mafungu mawili ya mihogo, akakaa.

"Siku hiyo wote watakuwa pamoja," akasema. "Mimi nikisema, ni neno la mfyekaji. Wewe ukisema, ni neno la mwenye nishani. Waambie tu ni nani alikuwa nyuma, na ni wewe uliyenifunga mguu."

"Nitasema," nikamwambia.

Na nilikusudia. Lakini kati ya jioni ile na siku ya baraza dresa mkubwa akaniita, akaniambia kimya kimya kwamba zahanati ya Ruangwa inataka mtu wake, na kwamba jina langu limependeza kwa ajili ya ile nishani. Usingizi ukapungua. Nikaanza kujiuliza: nikisema karatasi ya Luteni imesahau mtu, hawatasema imekosea yote? Na nikisema nilificha jeraha lisiandikwe, nani atanipa zahanati ambayo kazi yake ya kwanza ni kuandika? Niliogopa, basi. Risasi za Bama niliziogopa kidogo kuliko kalamu ya bwana mganga.

Siku ya baraza watu walijaa. Walikuja kutoka Marambo, kutoka Mtua, akina mama na kanga zao mpya, mashehe, madereva wa matrekta waliojipaka mafuta. Karani akasoma ile karatasi kwa Kiswahili. Ilisema kwamba mimi, nikiwa na mbeba machela mwingine, nilimtoa afisa chini ya risasi. Mbeba machela mwingine. Hakuwa na jina. Nikavishwa nishani, nikapigiwa makofi, nikaulizwa kama nina neno. Nikasema namshukuru Mungu na serikali. Kisha nikanyamaza, nikaona watu wanaanza kujipangusa kuondoka.

Hapo Haule akatoka kwenye kundi, anachechemea, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono akaichomoa nishani kifuani kwangu. Hakukimbia. Aliishika tu, akanitazama. Askari wawili wakamrukia, wakampinda mikono. Watu wa kwetu wakaangua kicheko, maana walikwisha kumjua ni Mngoni, lakini Wazungu walisimama, na Bwana Shauri akageuka rangi. Akaniuliza kwa mdomo wa karani, "Mtu huyu ni nani?"

Vijana, swali lile nililetewa mkononi kama chakula. Haule aliniletea. Aliona nimeshindwa kusema bila kuulizwa, akafanya kitu ambacho lazima niulizwe. Jibu lilikuwa na maneno matatu tu, alikuwa nyuma yangu, na yeye alikuwa ananitazama, mikono imepindwa, akiyasubiri.

"Ni mtani wangu, bwana," nikasema. "Anatania. Ni desturi yetu."

Karani akaeleza. Bwana Shauri akacheka kwa kutulia moyo, akasema desturi za hapa zinapendeza. Askari wakamwachia Haule, wakamnyang'anya nishani, nikavishwa mara ya pili. Makofi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza.

Asubuhi yake alikuja kwenye foleni kama kawaida, akakunja suruali. Niliweka maji ya dawa, nikaloweka. Nilitaka aanze kunitukana, tusi la mtani lingenitosha. Aliningoja nimalize kufunga fundo.

"Jana ulinitoa mikononi mwa askari, asante," akasema. "Lakini jana sikuwa natania."

Aliachishwa kazi mwisho wa mwezi.

Mimi nilipata Ruangwa. Huko nilifanya kazi chini ya mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, tulimwita Babu Sindano, ingawa alichukia sindano kuliko wagonjwa wenyewe walivyoipenda. Zama zile sindano za buba zilikuwa zimeingia, na mtu akichomwa vidonda vyake vinakauka kwa siku chache. Basi kila mmoja akataka. Mwenye kikohozi anataka sindano, mwenye jino anataka sindano, na mzee mmoja alitembea kutoka mbali na mbuzi wake mgonjwa akitaka achomwe yeye na mbuzi. Babu Sindano alimchunguza mbuzi kwa adabu zote, akasema hana buba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kila kidonda, hata mkwaruzo, na chanzo chake. Alisema kidonda kisichoandikwa hakina mwenyewe. Hakujua alikuwa anamwambia nani.

Haule hakurudi Songea. Alikuwa ameoa Chinongwe, binti mmoja aitwaye Somoe, na kama ilivyo desturi yetu alikwenda kukaa upande wa mke, akalima mihogo na ufuta kwa mguu mmoja na nusu. Kila mwezi nikipita na baiskeli kuzungukia vijiji nilishinda kwao, nikiloweka na kufunga. Alinipokea vizuri. Tulizungumza mvua na nguruwe wanaokula mihogo. Jambo moja tu liliondoka: hakunitania tena. Aliniita dresa, kama wengine. Kama hamjawahi kuwa na mtani hamtajua adhabu ile ilivyo. Nilikaa kwenye kigoda chake nikiwa mgeni mwenye heshima, na iliniuma kila mwezi.

Nilijaribu mara moja kuandika barua. Niliandika kwa bwana mganga, nikaeleza yote, nikamwomba Haule ashuhudie kwa dole gumba. Aliisikiliza nilipomsomea. Akasema mradi umekwisha, bwana mganga amekwenda kwao Ulaya, na hiyo barua nimwandikie nani. Nikaikunja.

Uhuru ulikuwa bado kidogo alipofariki. Kidonda kiligeuka, mguu ukavimba mpaka kwenye nyonga, na hakuna nilichokuwa nacho cha kukishinda. Nilifika Chinongwe watu wamekwisha kukusanyika. Walikuwa wananingoja, kwa sababu alikuwa Mngoni kati ya Wamwera, wote pale watani zake, lakini mtani wake wa kwanza, aliyetoka naye Bama, nilikuwa mimi. Shemeji zake wakanisukuma katikati. Mtani afanye kazi yake.

Ilinipasa kuiga mwendo wake. Nikatembea nikichechemea kutoka mlangoni mpaka penye mkeka, watu wakaanza kucheka na machozi yao usoni. Nikatoa nishani mfukoni, nikaiinua. Nikawaambia yote: kwamba mguu ule niliokuwa nauiga ulipigwa risasi Bama, kwamba Luteni alikuwa hai kwa ajili ya aliyekuwa nyuma, kwamba nishani ni ya Haule, na kwamba nilipoulizwa mbele ya Bwana Shauri nilimkana ili nipate zahanati. Sijapata kusema kweli namna ile, wala kabla wala baada.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja alinipiga mgongoni akasema huu ndio utani wa wazee wa zamani, mtu kujikashifu mwenyewe ili kumpamba maiti. Nilisema sitanii. Wakacheka zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo mtani anavyosema.

Tukainua jeneza. Kwetu watu hupokezana, kila mmoja apate thawabu yake, lakini nilishika mbele na nikakataa kuachia, wakaona nao ni utani, wakaniacha. Njia ya makaburini ilikatiza mikorosho, mizizi imetokeza. Bila kukusudia nikaanza kuita. Mzizi. Jiwe. Shimo. Waliokuwa nyuma yangu walidhani nawachekesha, hawakujibu. Niliita mara mbili kila kitu, na mara hii nilisimama, nikageuka, nikatazama. Wakaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, twende.

Tuliporudi, Somoe akaniita mlangoni. Alikuwa ndani wakati wa utani, nyuma ya pazia, na nilijua hakucheka. Nikampa nishani kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Alinisimulia zamani," akasema. "Nilijua unayosema ni kweli. Lakini, shemeji, kwa nini umengoja siku ambayo mtani haaminiwi?"

Nikairudisha nishani mfukoni. Mpaka leo nimestaafu ninayo, imo kwenye kopo la pamba juu ya kabati. Kwa ajili ya swali lile nimewaandikia nyinyi siku ya kawaida, hakuna msiba, hakuna baraza, na sina mtani aliyebaki wa kucheka: mtu wa nyuma ya machela aliitwa Haule.